Mgongo wa Chepngeno

Ukitaka kununua mbavu za mbuzi kwa Kiprugut, pale Rongai karibu na steji, uwe tayari kuhesabu. Ndiyo desturi ya duka lile la nyama. Hapo awali kulikuwa na mchinjaji mwingine aliyezoea kupunguza ubavu mmoja wa pembeni, akautia katika supu yake mwenyewe, na mteja akaenda zake nyumbani akipiga mluzi. Kiprugut aliapa kwamba jina lake halitachafuka kwa ajili ya ubavu mmoja. Kwake, upande mzima hulazwa juu ya kaunta na mteja huhesabu kwa kidole, kwa sauti, mbele ya watu, mpaka kumi na tatu. Mbuzi ana mbavu kumi na tatu kila upande. Wapo watoto Rongai ambao hawajui siku za wiki lakini hilo wanalijua.

Chepngeno, binti yake, alikulia nyuma ya kaunta hiyo. Alijua kukata nyama kabla hajajua kusuka nywele. Na hakukata kwa panga kama wengine, ambao hutwanga tu mpaka vipande vya mifupa vinawarukia wateja machoni. Yeye alitafuta kiungo. Alikuwa akiteremsha kidole juu ya uti wa mgongo wa mbuzi, anatulia penye mwanya kati ya pingili na pingili, anapitisha kisu kidogo, na mgongo unaachana bila kelele. Wateja walipenda kumtazama. Wengine walikuja kununua robo tu ili wamwone akifanya hivyo.

Mgongo wake mwenyewe ulianza kupinda alipokuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake aligundua siku ya kupima sare mpya ya shule. Bega la kulia lilikuwa limepanda, na chini yake, mgongoni, palikuwa pamefura kama ngumi iliyofichwa ndani ya shati. Basi midomo ikafunguka. Wako waliosema ni madebe ya maji aliyobebeshwa akiwa mdogo. Wako waliosema ni laana ya upande wa mama. Na wale wapole, ambao ndio wabaya kuliko wote, walitikisa vichwa wakasema, "Hujafa hujaumbika." Chepngeno aliichukia methali hiyo kuliko matusi. Anayetukana angalau anakutazama. Hawa walizungumza mbele yake kana kwamba hayupo, kana kwamba kaletwa duniani ili wao wamshukuru Mungu kwa migongo yao.

Mtu mmoja hakutikisa kichwa. Aliitwa Celestine, mtaalamu wa kunyoosha viungo katika hospitali moja Nakuru, na kwa miaka mitano Chepngeno alipelekwa kwake kila baada ya wiki mbili. Siku ya kwanza Celestine alimwekea kiganja kwenye mbavu za kushoto, zile zilizobanwa, akasema, "Pumulia huku. Hii ni nyumba ambayo hujafungua madirisha." Alimfundisha kupumua, kujinyoosha, kuinua mzigo kwa miguu wala si kwa kiuno. Alimfundisha pia majina na hesabu: pingili saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno. Chepngeno alipofika miaka kumi na minane, daktari wa mifupa aliandika barua kwamba mgongo umeacha kupinda na kwamba binti huyu anaweza kufanya kazi yoyote. Alitoka na barua hiyo akiwa ameshajua kazi anayoitaka. Alitaka kazi ya Celestine, na hakutaka nyingine.

Ikamchukua miaka mitatu kuitwa na chuo. Mwaka wa kwanza hakuitwa kokote. Mwaka wa pili bibi yake, Kogo, alipigwa na kiharusi, na Chepngeno ndiye aliyekuwa akimwamsha kila asubuhi, akimtoa kitandani na kumkalisha kwenye kiti cha jua, mpaka bibi huyo alipofariki mwaka uliofuata. Ndipo chuo kimoja cha afya mjini Nakuru kikamwita kwa usaili. Jina la chuo tuliache, wasije wakanuna.

Alifika asubuhi, amevaa sweta ya kijivu aliyoazima. Chumba cha usaili kilikuwa na meza, kitanda cha wagonjwa cha kufanyia mazoezi, na mifupa ya mtu mzima, ya plastiki, imening'inizwa kwenye chuma pembeni. Nyuma ya meza walikaa wawili. Mmoja alikuwa mkuu wa chuo, Madam Mugure, mwanamke wa makamo mwenye miwani na sauti ya taratibu. Wa pili alikuwa Mwalimu Ndegwa, mkuu wa idara ya viungo, bonge la mtu kutoka Njoro, ambaye angeweza kupelekwa kwenye maonyesho ya kilimo na kurudi na zawadi. Mbele yake ilikuwa fomu ya Chepngeno. Chini kabisa ilikuwa na visanduku viwili: ANAFAA KWA MWILI, na HAFAI KWA MWILI. Wa kutia alama hapo alikuwa Ndegwa, na alama hiyo ndiyo ilikuwa mlango. Ikiangukia kisanduku cha pili, hakuna rufaa.

"Karibu, keti," alisema Madam Mugure.

Ndegwa alitazama bega lake kwanza, kisha uso. Chepngeno alishazoea safari hiyo ya macho. Aliketi, akanyoosha shingo, akajibu alivyoulizwa. Kwa nini kozi hii? Akaeleza. Biolojia ulipata nini? B. Neva ni nini, msuli hushikana vipi na mfupa? Yote akajibu vizuri, mpaka Madam Mugure akaanza kuitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo Ndegwa, akiwa hata hamtazami, alipouliza swali jepesi kuliko yote.

"Binadamu ana jozi ngapi za mbavu?"

Na Chepngeno alijua. Alilijua jibu tangu akiwa mtoto kwa Celestine, na jana yake alikuwa amelisoma tena. Lakini mtu akishasikia hesabu moja kila siku kwa miaka kumi na tano, mchana kutwa, kwa sauti za wateja mia, huo ulimi unakuwa mali ya duka. Kabla hajafikiri, ulikuwa umeshajibu.

"Kumi na tatu."

Ndegwa aliinua kichwa, akacheka mpaka kiti kikalia. "Kumi na tatu! Hiyo ni mbuzi, msichana. Umetoka wapi wewe?"

"Rongai."

"Na huko Rongai mnatibu mbuzi?"

Madam Mugure alijificha nyuma ya karatasi, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika. Chepngeno alisikia joto likipanda kutoka kifuani mpaka masikioni. "Nimekosea," alisema. "Ni kumi na mbili. Baba yangu anauza nyama. Ulimi umenitangulia."

"Ni kweli, ulimi hauna mfupa," alisema Ndegwa, akafuta machozi ya kicheko. Kisha akafunga faili, na uso wake ukageuka wa mtu mwenye huruma, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Sikia, wacha niwe mkweli na wewe. Hata ungesema kumi na mbili, kuna shida. Hii kazi ni ya kuinua watu. Unaletewa mzee wa kilo tisini, amepigwa na stroke, upande mmoja umekufa. Na wewe na huo mgongo. Mkianguka, tutakuwa na wagonjwa wawili."

"Barua ya daktari iko hapo kwa faili."

"Nimeiona. Daktari hatakuwa hapo ukianguka."

"Tuko na kozi ya rekodi za hospitali," aliingilia Madam Mugure, kwa ile sauti yake ya taratibu. "Unakaa kwa kompyuta, kwa ofisi. Ni kazi safi, my dear."

Ndegwa alivuta fomu. Kalamu yake ilikuwa imeshaanza kushuka upande wa kulia, kwenye kisanduku cha pili. Na hapo Chepngeno alikasirika. Si ile hasira ya kulia, ambayo alikuwa ameimaliza yote shuleni. Ilikuwa hasira ya mtu anayeona nyama yake ikikatwa vibaya na mtu asiyejua kukata.

"Usitie alama bado, Mwalimu," alisema, akasimama. "Mbavu zimenishinda kwa mdomo. Wacha nizihesabu kwa mkono, ndio nisikosee tena."

Hakungoja ruhusa. Alikwenda kwenye ile mifupa ya plastiki na kuanza kuhesabu kama wanavyohesabu kwao, kwa kidole na kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Saba za kwanza zinafika kidarini zenyewe. Nane, tisa, kumi zinaegemea wenzao. Mbili za mwisho hazifiki popote. "Kumi na mbili," alisema. "Mwalimu uko sawa."

"Asante sana," alisema Ndegwa.

Lakini mkono wa Chepngeno ulikuwa umeshazunguka nyuma. Huwezi kumweka mtu kama yeye karibu na uti wa mgongo halafu utegemee vidole vyake vitulie. Viliteremka kutoka shingoni, pingili kwa pingili, kila moja na mwiba wake wa nyuma unaoinamia chini na kuufunika ule wa chini yake, kama mabati ya paa. Vikafika katikati ya kifua, vikasimama. Vikarudi juu. Vikashuka tena.

"Mwalimu, hii mmeifunga vibaya."

"Nini?"

"Pingili ya saba ya kifua. Iko kichwa chini."

Ndegwa alicheka tena, lakini safari hii alicheka peke yake. "Hiyo mifupa nimefundishia miaka minne."

"Basi miaka minne iko kichwa chini."

Madam Mugure alivua miwani, akaivaa tena, akatoka nyuma ya meza. "Nionyeshe," alisema.

Chepngeno alimshika kidole, kwa adabu, akakipitisha. "Sikia hii ya sita. Mwiba wake unaangalia chini. Sasa wa hii ya saba unaangalia juu. Imegongana na ya sita, na hapa chini yake kumebaki shimo. Mgongo hauna shimo kama hilo, Madam. Mbuzi hana na mtu hana."

Madam Mugure alipitisha kidole mara tatu. Kisha akamwita Ndegwa kwa kumtazama tu. Ndegwa alikuja, akaweka dole gumba lake nene, akasugua, akainama, akachungulia. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni Micah wa stoo," alisema mwishowe. "Ilianguka tukihama ile jengo ya zamani. Yeye ndiye aliifunga upya."

"Micah hafundishi," alisema Madam Mugure.

Kuna watu ambao ukiwaonyesha kosa lao wanakushukuru, na kuna wale ambao wanalitafutia kosa lako kubwa zaidi. Ndegwa hakuwa mtu mbaya, wanafunzi wake watakuambia, lakini siku hiyo aliumia moyoni. Alirudi mezani, akaishika kalamu. "Sawa. Una macho. Una vidole pia, nakubali. Lakini macho na vidole haviinui mtu. Mimi ninaulizwa hapa kuhusu mwili." Akagonga fomu kwa ncha ya kalamu. "Na mwili ndio huo tunauona."

"Hujafa hujaumbika," alinong'ona Madam Mugure, kwa nia njema, bila kufikiri.

"Mimi nimeshaumbika, Madam," alisema Chepngeno. "Niliumbwa nikamalizwa. Mnaogopa mgongo ambao hata hamjauangalia."

Alivua sweta. Ndani alikuwa na blauzi nyepesi ya pamba. Aliwageuzia mgongo wote wawili, akainama mbele polepole, mikono ikining'inia, kama alivyokuwa akifanya kwa Celestine kila baada ya wiki mbili. Upande wa kulia ukainuka juu, wa kushoto ukabaki chini. Hakuna mtu wa Rongai aliyewahi kuonyeshwa hivyo, wala shangazi zake.

"Weka mkono, Madam. Usiogope, hauumi. Mwanzo shingoni, shuka. Umeona unaenda kulia, halafu unarudi? Sasa weka mkono kwa hii nundu. Hii ndiyo watu huita kibiongo. Wanafikiri ni mfupa wa mgongo umetoka. Si mgongo. Ni mbavu. Uti ukipinda, pingili zinajizungusha, na zikijizungusha zinavuta mbavu nyuma upande huu na kuzibana upande ule. Kwa hivyo hapa kushoto pumzi ni ndogo. Lakini mimi nimefundishwa kuileta. Ngoja." Akavuta pumzi, na Madam Mugure akahisi zile mbavu za kushoto zikifunguka chini ya kiganja chake, moja baada ya nyingine. Mwanamke yule akatoa "eeh" ndogo ambayo hakuipanga.

"Hesabu kama unataka," Chepngeno aliongeza, akiwa bado ameinama. "Pingili zangu zimepinda, lakini hakuna hata moja iko kichwa chini."

Madam Mugure alicheka, akajizuia, akashindwa. Ndegwa hakucheka. Chepngeno alijiinua, akamgeukia. Alijua kwamba vicheko vya Madam havitii alama. Mwenye kalamu alikuwa bado ni mmoja.

"Mwalimu, una kilo ngapi?"

"Mia na mbili. Kwa nini?"

"Umesema mzee wa kilo tisini. Kaa hapo kwa kitanda. Mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia umekufa. Mimi nitakusimamisha. Nikishindwa, weka alama yako na sitaongea tena."

Ndegwa alimtazama Madam Mugure. Madam Mugure akamwonyesha kitanda kwa kidevu. Basi yule bonge akaenda, akaketi ukingoni, kitanda kikalalamika, na pale pale akajiachia. Hakujiachia kama mgonjwa. Alijiachia kama gunia la mahindi lililochoka, akaegemea nyuma, miguu mbele, kichwa kimelala begani. Ilikuwa hila. Hata mgonjwa wa kweli hujaribu kidogo.

Chepngeno alipiga goti moja mbele, akamzungushia mikono, akavuta. Ndegwa hakusogea. Alivuta tena, na akahisi kiuno chake kikianza kufanya kazi ya miguu, jambo ambalo Celestine angemchapa kwalo. Akamwachilia. Jicho moja la Ndegwa lilifunguka, na ndani yake mlikuwa na ushindi.

"Inatosha, my dear," alisema Madam Mugure.

"Haijatosha," alisema Chepngeno.

Alirudi nyuma hatua moja, akamtazama mgonjwa wake. Kogo alikuwa na inda kuliko huyu. Kogo alikuwa akijilegeza makusudi asubuhi za baridi, anatukana kwa Kikalenjin, anasema aachwe afe. Na hakuna siku hata moja Kogo alibaki kitandani. Chepngeno akaona kosa lake: alikuwa amekimbilia kuinua mtu ambaye hajaandaliwa kusimama. Miguu ya Ndegwa ilikuwa mbali mno, na kifua kilikuwa kimelala nyuma.

Basi akaanza upya, bila haraka. Alimsogeza nyonga ya kushoto mbele, kisha ya kulia, kisha ya kushoto, mpaka akafika ukingoni kabisa. Akaichukua miguu yake, mmoja mmoja, akaiweka nyuma, chini ya magoti. Akausimamisha mguu uliokufa katikati ya miguu yake mwenyewe, goti lake likalizuia lile goti lisikunjike. Akaweka mikono yake miwili mgongoni mwa Ndegwa, chini kidogo ya mbavu, na kwa bega lake, lile bega lililopanda, akamvuta kifua mbele mpaka pua ya Mwalimu ikapita vidole vya miguu yake. Mtu akifika hapo hawezi kulala nyuma tena hata akitaka. Uzito wake mwenyewe unamdai asimame.

"Moja," alisema, wakayumba pamoja. "Mbili." Wakayumba tena. Alivuta pumzi upande wa kushoto. "Tatu."

Na kilo mia na mbili za Njoro zikapanda. Chepngeno hakunguruma, hakutetemeka. Miguu yake ilinyooka, ya Ndegwa ikanyooka nayo, na wakajikuta wamesimama kifua kwa kifua katikati ya chumba. Ndegwa alikuwa amesahau kujilegeza. Alikuwa amemshika bega kwa mkono wake uliokufa.

Madam Mugure alikuwa amejishika kifuani.

"Haya," alisema Ndegwa, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Haya, nimeona. Sasa nirudishe nikae."

"Mgonjwa akishasimama, Mwalimu, hatumrudishi kitandani," alisema Chepngeno. "Tunamtembeza."

Akamtembeza, mguu mzima mbele, mguu mfu ukifuata, mkono wake mmoja ukimshikilia mbavuni, mpaka mezani ilipokuwa fomu. Na hakumwachilia mpaka Ndegwa alipochukua kalamu na kutia alama kwenye kisanduku cha kwanza.